Mkutano wa ukumbini na mtandaoni kwa mpigo: tuchukue Zoom, YouTube au ile ya bei?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Mbale, Uganda, katibu wa chama cha walimu wa Kiswahili, nimelifupisha kidogo: "Tuna mkutano mkuu wa mwaka. Watu 120 watakuwa ukumbini hapa Mbale, na wengine kama 200 wako Arua, Gulu, Kasese, Mbarara, wachache Nairobi na wengine ng'ambo. Asubuhi kuna mada, mchana ripoti ya fedha na uchaguzi wa viongozi. Bajeti ya mambo ya mtandao ni shilingi milioni mbili. Kijana mmoja anatwambia Zoom, mwingine anasema YouTube inatosha, alafu kuna kampuni imetuletea invoisi ya platifomu ya kisasa yenye lobi (ukumbi wa mapokezi wa kwenye skrini) na vibanda vya maonyesho. Tuchukue ipi?"

Mwalimu, kwanza asante kwa kuuliza kabla hamjalipa, maana wengi hunipigia simu wiki moja baada ya mkutano kuharibika na hapo sina cha kuwasaidia zaidi ya kusema pole.

Nikujibu haraka alafu nieleze: chukueni Zoom ya kulipia kwa mwezi mmoja tu, akaunti moja, iunganishwe na YouTube kwa wale wa kutazama, na ile invoisi ya lobi na vibanda irudisheni kwa heshima. Lakini hiyo ndo sehemu ndogo ya jibu. Pesa zenu nyingi zisiende kwa platifomu, ziende kwa sauti ya ukumbini na kwa vituo vya wilayani. Najua hujauliza habari za vituo, ila ndo kitu kitakachookoa mkutano wenu, kwa hiyo naanzia hapo.

Umesema watu 200 wako nje. Sasa wewe kichwani unawaona watu 200, kila mmoja na simu yake. Piga hesabu ya data. Video ya kawaida ya kikundi inakula kama megabiti moja kwa sekunde, hiyo ni kama MB 450 kwa saa, mkutano wa saa 6 ni GB 2.7 kwa mtu mmoja. Mwalimu wa Kasese ananunua bando kwa pesa yake, na juu yake kuna ile kodi ya asilimia 12 ya data iliyokuja Julai 2021 baada ya kuondoa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku tuliyolipa tangu 2018, kwa hiyo usishangae saa tano asubuhi una watu 140 na saa nane, pale uchaguzi unapoanza, umebaki na 35. Sio kwamba hawapendi chama, bando limeisha.

Sasa wakusanyeni. Arua walimu 20 wakutane shule moja, Gulu hivyo hivyo, Kasese, Mbarara, Soroti, popote mna watu kuanzia sita kwenda juu. Shule nyingi za sekondari za serikali zilipata maabara ya kompyuta kupitia mfuko wa UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, walimu wenu wenyewe wanafundisha humo, mkuu wa shule akiombwa mapema kwa barua hakatai. Kituo kinahitaji laptopu moja, projekta au hata televisheni, spika ya kawaida, na bando moja kubwa ambalo chama kinalinunua. Kama kituo ni chuo kilichounganishwa na RENU, ule mtandao wa intaneti wa vyuo na watafiti wa Uganda, basi hapo mna bahati, intaneti yao ni afadhali sana kuliko modemu. Wekeni na chai na chapati, watu wanakaa mpaka mwisho. Na tena mkiwa kumi na tano pamoja mnacheka, mnabishana, mnanong'ona kuhusu mweka hazina, yaani mkutano unakuwa mkutano, sio mtu mmoja yuko nyumbani Zoom imewashwa huku anakaanga mayai.

Ukifanya hivyo wale 200 wanageuka vituo kumi au kumi na mbili na watu wachache mmoja mmoja, wengi wao wale wa ng'ambo. Na hapo ndo hesabu ya platifomu inakuwa rahisi kabisa.

Kwa nini Zoom. Sio kwamba ni bora kwa kila kitu, ila walimu wenu wanaijua tayari. Shule zilifungwa hapa kwetu Machi 2020 zikafunguliwa kabisa Januari 2022, karibu miaka miwili, na katika muda huo walimu wengi walilazimika kujifunza mahali pa kujimyuti. Kitu ambacho watu 200 wanakijua tayari kina thamani kuliko kitu kizuri ambacho utatumia asubuhi nzima kuwafundisha. Ile ya bure isahau, inakata dakika 40 kwa kikundi na mwisho watu 100, mtakatwa katikati ya ripoti ya fedha alafu watu waseme mmefanya makusudi. Ya kulipia ya chini, wanaiita Pro, inabaki na watu 100 lakini muda ni saa 30. Kumbuka ukumbi wenu wote wa watu 120 ni mmoja tu kwenye hiyo 100 kwa sababu mnaingia na laptopu moja, kila kituo ni kimoja, kwa hiyo mna nafasi tele. Anayelipa ni mwenye mkutano peke yake, wanaoingia hawahitaji kulipa wala kuwa na akaunti. Pro ya mwezi mmoja iko chini ya dola 20, inataka kadi ya Visa au Mastercard, na tafadhali siku hiyo hiyo ukimaliza kulipa ingia uzime kujilipia upya maana mwezi ujao wanakata tena kimya kimya, nimeona vyama vinalipa mwaka mzima bila kujua.

Mkikataa habari ya vituo na mkitaka kila mtu na simu yake, hapo mtalazimika kununua nyongeza ya watu 500 ambayo bei yake inaipita hiyo Pro yenyewe, au muende webina. Webina mimi siipendi kwa mkutano mkuu. Kule watazamaji hawana sura wala sauti mpaka uwaruhusu, ni nzuri kwa waziri kutoa hotuba, ila mwanachama aliyelipa ada yake akizimwa mdomo kwenye mkutano mkuu atakuandikia barua, na ana haki.

Google Meet ya bure inakata dakika 60, ya kulipia inategemea paketi, kuna ya watu 100, ya 150 na ya 500, ni nyepesi kwenye laptopu kwa sababu inafunguka kwenye brauza. Kama chama tayari kinalipia barua pepe za Google basi tumieni hiyo na msinunue Zoom. Teams ya Microsoft ya kulipia inaingiza watu 300 na ni bei nafuu, ila kwa simu za walimu ambazo zimejaa picha za wajukuu na video za wasapu, kuwaambia washushe programu nyingine mpya ni vita. Jitsi ni ya bure na haina dakika 40, tangu 2023 anayefungua mkutano lazima ajitambulishe kwa akaunti, mimi naitumia kwa vikao vya watu kumi, kwa mkutano wenu siiamini. BigBlueButton ni nzuri sana kwa darasa lakini inataka seva na mtu wa kuilea. Wasapu inaishia watu 32 kwenye simu ya pamoja, iacheni ibaki kuwa gurupu la matangazo na maswali, kazi hiyo hakuna anayeiweza kama wasapu.

Sasa YouTube. Yule kijana wa pili hajakosea sana. Kwa mtu wa kutazama tu YouTube inaishinda Zoom, kwa sababu mwenye simu mbovu anaweza kushusha picha mpaka 144p, ile hafifu kabisa, na bado anasikia, aliyechelewa anarudisha nyuma, na mkutano ukiisha rekodi ipo. Ubaya ni kwamba inachelewa sekunde kadhaa mpaka nusu dakika, kwa hiyo huwezi kujadiliana nayo. Zoom Pro inaweza kujirusha yenyewe YouTube, na jambo watu hawalijui ni kwamba inarusha kutoka kwenye seva za Zoom, sio kutoka laptopu yako, maana yake haikuongezei mzigo wa intaneti pale ukumbini hata kidogo. Washeni chaneli mapema, mara ya kwanza ukiomba kurusha laivu YouTube inaweza kukusubirisha mpaka saa 24, na ukitaka kurusha kwa simu moja kwa moja wanadai uwe na wafuasi 50. Linki iwekwe ile isiyoonekana kwa kutafuta, muipitishe kwenye gurupu tu. Na wakati wa chakula DJ akianza kuweka miziki, zimeni sauti ya laivu, mashine za hakimiliki za YouTube hazijui kwamba nyie mnakula matoke, zinaweza kukata laivu nzima.

Facebook laivu msiifikirie. Imefungwa Uganda tangu Januari 2021 wakati wa uchaguzi, wanaoingia wanapita kwa VPN, ile programu ya kukwepa kufungiwa, na VPN na video kwenye bando moja ni kama kubeba maji kwenye kikapu. Wa ng'ambo wataiona vizuri, sawa, ila mkutano ni wa watu wa Arua kwanza.

Kuhusu ile invoisi. Platifomu za lobi na vibanda, za aina ya Airmeet, vFairs, Whova na wenzake, zina mahali pake, maonyesho ya biashara yenye wadhamini hamsini wanaotaka kuhesabu nani alipita kwenye kibanda chao, sawa kabisa. Nyie mna wadhamini wangapi, wawili? Na hiyo lobi ya kupendeza inataka laptopu na intaneti ya ofisini, kwenye simu ya shilingi laki tatu inakuwa kijiduara kinazunguka tu. Alafu kuna hili, kampuni hizi zinakuja na kuondoka. Hopin ya London ilianza 2019, kufika Agosti 2021 ilikuwa imepimwa thamani ya dola bilioni 7.75, kila mtu anasema ndo mustakabali wa mikutano, Agosti 2023 biashara yake ya matukio ikauzwa kwa kampuni nyingine, RingCentral. Hata Skype ambayo tulidhani ni ya milele ilifungwa Mei 2025. Kwa hiyo chochote mtakachochagua, orodha ya wanachama na rekodi zikae kwenye diski yenu wenyewe.

Haya, sauti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo mahali mikutano ya namna hii inapofia, na hakuna muuza platifomu atakayekwambia.

Miaka michache iliyopita nilisimamia kongamano la siku mbili kwenye hoteli moja Jinja. Kamera mbili nzuri, intaneti nzuri, tukaweka laptopu mezani mbele tukaamini maiki yake itaokota sauti ya spika za ukumbi. Watu wa mtandaoni walisikia mwangwi, viti vikiburutwa na mhudumu akiuliza nani hajapata soda, mtoa mada hawakumsikia kabisa, na sisi tukajua baada ya saa nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa anasoma meseji. Mtu anavumilia picha mbaya saa nzima, sauti mbaya hafiki dakika tano.

Sauti lazima itoke kwenye miksa ya DJ, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki zote, iingie kwenye laptopu kwa waya. Mwambie mtu wa sauti akupe njia ya AUX, yaani ile ya pembeni ya kutolea sauti, sio ile kuu ya spika, kutoka hapo ipite kwenye kiboksi kidogo cha sauti cha USB ndo iingie laptopu. Msichomeke moja kwa moja kwenye kitundu cha hedifoni cha laptopu, sauti ya miksa ina nguvu kuliko kile kitundu kinavyotarajia, itakwaruza kama redio ya mzee wangu. Alafu sauti ya wale wa Arua na Gulu itoke kwenye laptopu irudi kwenye miksa kwenye chaneli yake ili ukumbi uwasikie. Na hapa ndo siri: kwenye hiyo chaneli ya kurudi, kitufe cha AUX kishushwe mpaka sifuri. Kisiposhushwa, sauti ya Arua inaingia ukumbini, inapita AUX, inarudi Arua, na mwalimu wa Arua anajisikia mwenyewe kila neno baada ya sekunde moja, hakuna binadamu anaweza kuongea hivyo. DJ mwingine atakwambia haiwezekani. Inawezekana, miksa karibu zote zina hicho kitufe, yeye tu amezoea harusi.

Na sheria ya pili, ndani ya ukumbi ni laptopu moja tu yenye sauti. Kutakuwa na mjumbe mmoja tu amekaa kiti cha nyuma ameingia Zoom kwa simu yake ili aonekane, maiki wazi, mara mluzi ukumbi mzima. Tangazeni mlangoni.

Kama mna kwaya au ngoma za ufunguzi, Zoom inaona ngoma ni kelele na inaikata, utasikia vipande vipande. Kuna mpangilio wa sauti halisi kwa ajili ya wanamuziki, uwasheni wakati wa ngoma, mzime wakati wa hotuba.

Maswali yote yapite kwenye maiki. Mzee akisimama akasema "mimi nina sauti ya kutosha sihitaji maiki", kwa heshima zote mpelekeeni maiki, sauti yake inatosha Mbale, Kitgum haifiki.

Intaneti ya ukumbi msiulize "ipo?" kila hoteli itakujibu ipo. Nendeni na laptopu siku ya kazi, saa ile ile mkutano utakapokuwa, mpime spidi ya kupandisha, sio ya kushusha, watu wanaangalia kushusha wanafurahi. Mkipata megabiti 5 za kupandisha bila kuyumba mko salama kwa Zoom. Laptopu ya mkutano iunganishwe kwa waya kwenye ruta, waifai waachieni wajumbe, maana saa ya chai watu 120 wakifungua simu pamoja waifai inakaa chini. Na muwe na ruta ya akiba ya laini ya kampuni nyingine, kama hoteli iko kwa MTN nyie akiba yenu iwe Airtel, au kinyume.

Umeme nao. Tangu Aprili 2025 msambazaji ni UEDCL ya serikali, ingawa watu bado wanasema Umeme, ile kampuni ya zamani, wamekata umeme. Jenereta ya hoteli ipo, lakini kati ya kukatika na kuwaka kuna sekunde ishirini, thelathini, na ruta ikizimika inachukua dakika mbili au tatu kurudi. Nunueni au kodini UPS ndogo, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa ajili ya ruta na miksa tu, laptopu ina betri yake. Na mwenyeji msaidizi wa Zoom awe mtu aliye nje ya ukumbi, mfano Kampala, kwenye umeme mwingine na mtandao mwingine, ili Mbale ikipotea mkutano haufungi, yeye anaongea na watu mpaka mrudi. Huyo huyo ndo awe anasoma meseji na kupiga simu ukumbini sauti ikiharibika.

Uchaguzi. Kabla ya yote fungueni katiba ya chama, inaruhusu kura ya mtu asiyekuwepo ukumbini? Kama haisemi kitu, tatueni hilo mapema kwenye kamati, sio siku hiyo. Kura za ndani ya Zoom zitawaacha nje watu wote 120 wa ukumbini na vituo vitapiga kura moja kwa watu ishirini, kwa hiyo hazifai. Mimi ningefanya karatasi ukumbini na kwenye vituo, kila kituo na msimamizi kutoka wilaya nyingine, wanahesabu mbele ya kamera, wanasoma matokeo kwa sauti. Wale wachache wa mmoja mmoja wapate fomu ya mtandaoni na namba ya siri moja moja mliyowatumia usiku wa kuamkia. Inachelewesha, ndiyo, ila aliyeshindwa hatapata pa kushika.

Mkikusanya majina na namba za simu kwa fomu, andikeni pale juu mnazikusanya kwa nini na kwamba mkutano utarekodiwa, tuna sheria ya kulinda data binafsi ya 2019. Na ile linki ya Zoom isiwekwe hadharani, wahuni wapo, zimeni ruhusa ya kila mtu kuonyesha skrini.

Nimekumbuka saa. Kwenye tangazo mkiandika "saa 3 kamili asubuhi" sisi huku hakuna shida, lakini kijana aliyekulia London atafungua saa tisa ya usiku au asifungue kabisa. Andikeni saa 3 asubuhi, yaani 9:00 ya Kampala, alafu na saa ya London na ya popote walipo wengi, muangalie na mwezi wenyewe, wenzetu wanasogeza saa zao mbele na nyuma kila mwaka sisi hatusogezi.

Milioni mbili yenu basi ningeigawa hivi kwa makadirio: Zoom isizidi laki moja, laki tano mpaka sita bando na chai ya vituo, laki nne kijana wa kamera na laptopu, laki tatu mtu wa sauti aje siku moja kabla kwa majaribio, hiyo ya siku moja kabla msiikate hata mkibanwa, na inayobaki kebo, kiboksi cha USB, UPS na dharura.

Huyo DJ mliyempata, mwombe akutumie picha ya miksa yake. Sio ya mbele, anayoipendea taa. Ya mgongo, palipo na matundu. Nitumie nikwambie kebo gani ya kununua, na ununue mbili.